Gari Halina Kwato

Mvua zilipokata mwezi wa tano, nyasi za ngitili zilikuwa zimefika kiunoni mwa mtu mzima, na Kwandu alikuwa anaizunguka kila asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Hakuingia ndani. Hata mlinzi haingii. Alipita nje ya uzio wa minyaa, akaziba kwa miiba pale mbuzi walipotoboa, na alipofika langoni aliweka mkono juu ya tawi la mgunga lililolazwa pale tangu mvua zianze. Akiliona liko mahali pake, alirudi nyumbani kunywa uji.

Kule Migato hakuna asiyejua kazi ya ngitili. Ni eneo la majani linalofungwa mvua zikianza, asikanyage ng'ombe wa mtu yeyote, mpaka kiangazi kikaushe kila kitu nje. Ndipo wazee wanakaa, wanatamka siku, na mlinzi analiondoa tawi langoni mbele ya watu. Ng'ombe wa kaya nne zilizounganisha maeneo yao wanaingia kwa zamu, wanavushwa mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Asiye na ngitili, mwezi wa kumi anachuna ngozi.

Mlinzi alikuwa Shija, mume wa Kwandu. Alipofariki wazee walivutana muda mrefu nani ashike nafasi yake. Mwanamke hakutajwa. Kwandu naye hakujitaja. Aliendelea kuziba uzio, hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemshukuru, miaka miwili mizima, mpaka siku moja Limbu, mwenyekiti wa wazee, akawaambia wenzake kikaoni, "Tunatafuta mlinzi, na ngitili inalindwa. Sasa tunatafuta nini?" Basi ikawa hivyo. Huo ulikuwa mwaka wa tisa Kwandu akiitwa mlinzi, na hakuna kitu kingine duniani alichopewa kwa jina lake mwenyewe.

Jumapili moja ya mwezi huo wa tano alikuja Milembe, mjukuu wake, akiwa na mkoba mgongoni, futi ya chuma ya kupimia na daftari jeusi. Kwandu ndiye aliyemlea, tangu Martha, mama yake, alipoolewa tena Kahama na mume wa huko akasema hataki mtoto wa mtu. Sasa Milembe alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Alisomea bustani.

Luhaga, jirani mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, alikuwa hajaacha kuicheka habari hiyo. "Mayu," alikuwa akimwambia Kwandu, akimwita mama kwa Kisukuma, "mtoto kaenda chuo kikuu miaka mitatu kujifunza kupanda maua? Si angekaa hapa tumfundishe kupalilia pamba bure."

"Si maua tu," Kwandu alijibu kila mara, ingawa hakuweza kueleza ni nini zaidi.

Jioni ile Milembe alimweleza, wamekaa jikoni. Kuna bustani za kuzunguka majumba, za kuvutia macho, na nyingi zinakula maji mpaka visima vinakauka. Wao wanafundishwa kutengeneza zile zinazodumu. Mradi wake wa mwisho ulikuwa kutengeneza bustani kwa mikono yake mwenyewe, na Mzee Januarius, mwenye ukumbi wa harusi pale Bariadi, alikuwa amempa uwanja wa mbele ya ukumbi. Jumamosi ijayo mhadhiri wake, Dokta Wilhelmina, angekuja kukagua.

"Wenzangu wote wanapanda ukoka wa kununua," Milembe alisema. "Ule unakunywa kuliko ng'ombe. Sisi tunafundishwa tupande cha mahali, kinacholijua jua la mahali."

"Hilo ndilo mlilofundishwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Miaka mitatu?"

Milembe akacheka mpaka akaweka daftari chini. Kisha akaliokota, akaanza kuuliza habari za ngitili, maana alitaka kuiandika kwenye taarifa yake. Kwandu akamwambia majani yapi huota kwanza na yapi hungoja, na kwa nini mgunga mmoja katikati haukatwi. Akamwambia pia habari ya sheria ya Shija. Zamani alikuwepo mlinzi aliyemwingizia tajiri mmoja maksai wake kimyakimya, mwezi wa sita, halafu mjane aliyefanya hivyohivyo akatozwa mtamba. Shija akasimama kikaoni akasema, kuanzia leo, mlinzi akiliondoa tawi kwa ajili ya mtu mmoja kabla ya siku kutamkwa, basi ameliondoa kwa ajili ya wote, na hakuna wa kutozwa faini. Wazee wakakubali.

"Rudia hapo mwisho, Bibi, polepole."

Kwandu akarudia, na Milembe akaandika.

Jumanne jioni mtoto alirudi kutoka Bariadi na uso umemshuka. Nyasi alizokuwa amechimba kando ya barabara zilikuwa zimekanyagwa na kuchanganyika na magugu, na alipozipandikiza zililala kama zimemwagiwa maji ya moto. Alihitaji nyasi zilizoshikana, zenye mizizi ya miaka mingi. Hakumtazama bibi yake aliposema hivyo. Alikuwa anaangalia nje, upande wa ngitili.

"Kipande tu, Bibi. Hatua kumi kwa kumi, kule pembeni."

"Mwezi wa nane utapata."

"Mwezi wa nane nitakuwa nimeshafeli."

Kwandu akakoroga ugali. "Nitamwambia Limbu, wazee wakae. Hawawezi kukataa."

"Wanakaa lini?"

"Jumamosi."

"Dokta anakuja Jumamosi, Bibi. Anakuja saa tatu asubuhi."

Kwandu aliendelea kukoroga. Lakini mtu akikoroga ugali mikono ndiyo inayofanya kazi, akili inakwenda inakotaka. Kwandu alijiuliza Shija alisema nini hasa. Alisema habari za maksai. Sheria yote ilikuwa ya ng'ombe, ya midomo na miguu yao. Mtoto huyu hakutaka kulisha mnyama. Alitaka kuhamisha majani kutoka ardhini kwenda ardhini, yakaendelee kuota. Alipopakua alikuwa ameshajishinda mwenyewe.

"Waambie waje na gari asubuhi," alisema. "Gari halina kwato."

Pikapu ilifika Jumatano saa mbili, na dereva na vibarua wawili. Kwandu mwenyewe ndiye aliyeliondoa tawi. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, kama kitu kilichokuwa kinangoja kuinuliwa. Vibarua walikata vipande vya ukubwa wa sinia, na udongo wake na mizizi yake, wakavipanga garini kimoja juu ya kimoja, na harufu ya ardhi iliyofumuliwa ikatanda hadi njiani. Saa sita tawi lilikuwa limerudi langoni. Milembe alimkumbatia bibi yake kwa mikono yenye matope.

"Jina lako nitaliweka ukurasa wa kwanza kabisa, Bibi."

Akapanda juu ya yale majani, pikapu ikaondoka. Njia ya kwenda Bariadi inapita mbele ya mji wa Luhaga, nyumba na mazizi yake. Luhaga alikuwa amekaa nje anachonga mpini. Milembe akampungia mkono.

Asubuhi ya pili Kwandu alipofika langoni alikuta ng'ombe wamejaa njia nzima, thelathini na kitu, na Luhaga mbele yao ameegemea fimbo yake. Hakuwa amegusa kitu. Alikuwa anamngoja.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, Luhaga. Umelala?"

"Nimelala vizuri. Nikaona nikusalimie kwanza kabla sijaingiza ng'ombe."

"Unawaingiza wapi?"

"Si ngitili imefunguliwa? Jana nimeona majani yanakwenda mjini, yamekaa juu ya gari kama wazungu. Mjukuu wako akanipungia. Nami nikampungia."

"Yale ni ya shule," Kwandu alisema. "Yametolewa kwa jembe. Hakuna ng'ombe aliyeingia hapa. Gari halina kwato, Luhaga."

"Halina kwato, ni kweli." Luhaga akawatazama ng'ombe wake, kisha akamrudia. "Ila lilipotoka lilikuwa limeshiba."

"Ngoja Jumamosi wazee wakae."

"Wakae waniambie nini? Maneno ni ya marehemu mzee Shija. Nilikuwepo siku ile, nikiwa kijana, nimekaa chini nasikiliza. Wewe ulikuwa unatupikia." Hakusema kwa ukali. Luhaga hakuwa mtu wa ukali. "Nikuulize moja tu, mayu, ukinijibu hapana narudi nyumbani. Tawi aliondoa nani?"

Kwandu alisimama akalitazama lile tawi. Angeweza kusema ni vibarua. Angeweza kusema ni mtoto, hajui. Ng'ombe mmoja alikojoa njiani, na mkojo ukafika karibu na miguu yake.

"Niliondoa mimi."

Luhaga akavua kofia, akaivaa tena. Akaliinua tawi, akaliweka kando, na miiba akaigeuzia upande wa uzio isije ikamchoma mama mtu mzima mguuni. Ng'ombe wakaingia.

Kabla ya saa nane habari ilikuwa imefika kila mji. Kaya mbili zilizobaki kati ya zile nne zilileta ng'ombe wao siku ileile, maana ungefanya nini, umwachie Luhaga amalize peke yake? Siku ya pili waliingia hata wa Limbu. Siku ya tatu waliingia wa watu ambao mababu zao hawakuwahi kuchomeka mti mmoja katika uzio ule. Kwandu naye aliwaingiza wake watano, akawasimamia wakila majani mabichi ya mwezi wa tano ambayo yalikuwa yawavushe kiangazi kizima. Walikula vizuri. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, jinsi walivyokula vizuri.

Jumamosi wazee walikaa. Hakuna aliyemgombeza. Limbu alizungumza akiwa ameinama, anachora chini kwa kijiti.

"Ungeniambia tu, mayu. Hata ungenikuta njiani ukaniambia. Ningesema ndiyo. Sisi wote hapa tungesema ndiyo, ni mtoto wetu."

Wenzake wakaguna kukubali. Kisha wakasema mlinzi aliyefungua hawezi kufunga, na ulinzi wakampa Luhaga, kwa kuwa ndiye aliyekumbuka sheria.

"Nimesikia," Kwandu akasema. Akawaaga mmoja mmoja kwa jina, akaenda nyumbani.

Jioni Milembe alipiga simu. Nyuma yake kulikuwa na muziki wa ukumbini.

"Bibi, ungemwona Dokta! Amepiga magoti na suruali yake nzuri, anashika nyasi. Amesema miaka yote anafundisha hajaona mwanafunzi aliyeleta kitu kama hiki. Ngitili haijambo?"

"Ipo."

"Na ng'ombe?"

"Nao wapo. Kasome, mwanangu."

Akamwacha asome. Mwezi wa sita wote na wa saba Milembe alipiga simu akiwa kwenye mitihani, na kila mara Kwandu alisema ipo, wapo, kasome. Mwezi wa nane jua lilikuwa limekwisha kuilamba Migato ikawa nyeupe. Kwandu alipeleka ng'ombe watatu kwa wadogo wa Shija kule Ipililo, akijua kwamba wanaopelekwa hivyo hawarudi wote. Alibaki na ng'ombe mzee, na mbuguma mmoja mwenye ndama, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa mboga yake. Yule mzee alianguka mwezi wa tisa. Wiki mbili baadaye mbuguma akalala chini na hakuinuka tena kwa nguvu zake. Kwandu alimwinua kwa kamba, yeye na mke wa jirani, siku nne mfululizo.

Siku ya tano ndipo alipoikumbuka bustani. Hatua kumi kwa kumi za majani yake mwenyewe, yanayomwagiliwa kila siku. Viroba viwili tu vingemsimamisha yule mnyama mpaka mvua. Akachukua mundu, akakunja viroba, akapanda bodaboda mpaka Bariadi.

Januarius alimpokea vizuri. Alimletea kiti na soda.

"Wewe ndiye bibi wa Milembe? Binti ana akili yule, mama. Tena ana adabu."

"Wabeja, asante. Nimekuja kukata majani kidogo, baba, kama utaniruhusu. Yataota tena, nayajua."

Januarius alimtazama yeye, akautazama mundu. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona aibu, akamwongoza mbele ya ukumbi.

Palikuwa kijani kweli. Kijani kuliko kitu chochote Kwandu alichokiona tangu mwezi wa tano. Alipiga magoti akashika. Kilikuwa kigumu na kikavu kama mswaki, na chini yake hapakuwa na udongo.

"Ni kapeti, mama. Ya plastiki. Wageni walilalamika. Bibi harusi mmoja vishuke vilimganda gauni zima, watu wakasema kwa Januarius kuna pori. Hii haitaki hata maji."

"Mtoto anajua?"

"Anajua. Siwezi kufanya hivyo bila kumwambia. Nilimpigia mwezi wa saba. Akasema sawa tu, walimu wameshapiga picha."

"Na yale majani?"

Yalikuwa nyuma ya vyoo, kwenye jalala. Yalikuwa yametupwa, yakakauka, yakachomwa pamoja na sahani za karatasi za harusi. Kwandu alifukua jivu kwa ncha ya mundu, taratibu, kama anatafuta kiazi. Alipata kizibo cha soda. Akakunja viroba vyake tena vizuri, kona kwa kona, akaviweka kwapani. Januarius alimlipia bodaboda ya kurudi, na Kwandu alimshukuru.

Mbuguma alikufa kesho yake mchana. Ndama Kwandu alimnywesha uji wa mtama mpaka mvua zikaja. Milembe alipopiga simu Kwandu hakumwambia habari za kapeti, na Milembe naye hakumwambia.

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeshika, Milembe alikuja. Alikuwa amehitimu. Alileta kanga mpya, sukari, picha yake akiwa na joho, na taarifa ya mradi wake iliyofungwa kama kitabu, jalada la bluu. Kwandu alikuwa amekaa nje ya nyumba anabangua karanga za mbegu. Alifuta mikono, akakipokea kitabu. Kusoma aliachia darasa la nne, lakini jina lake alilijua, na lilikuwepo ukurasa wa kwanza kama alivyoahidiwa. Ukurasa mwingine ulikuwa na picha ya ngitili, nyasi zimefika kiunoni.

"Nimepewa alama ya juu kabisa, Bibi. Na nimeitwa usaili, kuna mradi unataka mtu wa kuwafundisha wanavijiji kutunza majani. Wanataka picha mpya. Twende unifungulie, niingie ndani kidogo tu."

"Mwenye tawi ni Luhaga."

Milembe akacheka. "Tangu lini?"

"Kamwulize."

Alikwenda anarukaruka madimbwi, simu mkononi. Alikaa muda mrefu. Kwandu alimaliza ungo mmoja wa karanga, akaanza mwingine. Mtoto aliporudi hakuwa anaruka tena madimbwi, alipita ndani yake na viatu vyake vya mjini. Alipitia zizini kwanza. Kwandu alimwona amesimama pale, anamtazama ndama mmoja peke yake katika zizi lote. Kisha akaja akasimama mbele yake.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini? Kila siku nikipiga unasema wapo."

"Ile jioni ya kwanza, jikoni. Ukaniomba nirudie mwisho."

Milembe akavua viatu. Alikaa chini kwenye mkeka, akakichukua kitabu, akafunua kurasa bila haraka, kama mtu anayejua anachokwenda kukikuta. Ukurasa wa thelathini na moja. Maneno ya Shija yalikuwepo yote, yamechapwa vizuri, na chini yake jina la Kwandu na tarehe.

"Soma," Kwandu alisema.

"Bibi."

"Soma, mwanangu. Macho yangu hayafiki."

Milembe akasoma. Alianza kwa sauti ya darasani, akaishusha, na alipofika pale pa mlinzi kuliondoa tawi kwa ajili ya mtu mmoja aliweka kidole chini ya mstari, akaendelea mpaka mwisho.

Kwandu alipepeta ungo, akapuliza maganda.

"Umeandika vizuri," alisema. "Hujakosea hata neno."